Bado Karatasi Moja

Nimemkasirikia Maître kwa miaka mingi, na sidhani kama nimemaliza. Kwetu Lubumbashi mawakili wote, ba avocat, huitwa Maître, wanaume kwa wanawake, lakini nikilitaja neno hilo nyumbani kwangu hakuna anayeuliza ni yupi. Ni yule mmoja: mrefu, mwembamba, amevaa koti la kahawia hata mwezi wa kumi, jua linapochoma mabati mpaka yanalia. Ndiye aliyetushughulikia karatasi za nyumba yetu ya kwanza, pale Naviundu. Sijui alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani. Ningeweza kumuuliza, lakini nilijua jibu lingekuja na bei yake.

Mimi ni mwalimu wa kemia. Mume wangu ni fundi wa pampu kwenye mgodi upande wa Kambove, huja nyumbani Jumamosi moja na kuruka nyingine. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili kwa miaka tisa. Siku tulipofikisha kiasi cha kununua nyumba ndogo tulichinja kuku, tukidhani sehemu ngumu imekwisha. Hakuna aliyetuambia kwamba bei ya nyumba ni ya nyumba peke yake, na kwamba karatasi zina bei yao, na hiyo haisemwi mlangoni.

Ofisi ya Maître ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga huko Kampemba, kati ya fundi cherehani na muuza vipuri vya baiskeli. Ndani mlikuwa na meza, benchi, na mafaili yaliyofungwa kwa vipande vya kitenge kikuukuu. Kitenge cha bluu kilikuwa na maana yake na chekundu kina maana yake, lakini hakumwambia mtu maana hizo. Kompyuta ilikuwepo, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na sikuwahi kuiona imefunuliwa. Aliandika kila kitu kwa mkono, kwa kalamu ya bluu, kisha akavuka barabara hadi kwenye kibanda cha wapiga chapa na kumsimamia mpiga chapa begani, neno kwa neno. Kupiga chapa tulilipa sisi.

Kabla ya kushika hati ya nyumba alinawa mikono. Alikuwa na beseni nyuma ya mlango. Ananawa, anapangusa, kisha anakaa na viganja vimeelekea juu mpaka vikauke vyenyewe, na wewe uko pale benchini umeomba ruhusa ya saa moja tu shuleni. Nilimshuhudia akimfukuza mtu mzima ofisini kwa sababu aliweka chupa ya soda juu ya cheti.

Siku ya kwanza nilienda peke yangu. Nilisalimia, nikakaa, nikasema, "Maître, miye naomba kujua tu kama iko lazima kupita kwa avocat."

"Madame, hiyo iko consultation," akasema.

"Lakini sijauliza bado."

"Umeshauliza. Na mi nimeshasikia."

Akachukua kitabu cha risiti. Nililipa nikiwa nimesimama, kwa hasira, na nikiwa bado nimesimama akanijibu: ndiyo, ni lazima. Hiyo ndiyo ilikuwa consultation nzima.

Komisionere, dalali aliyetuonyesha ile nyumba, alikuwa na njia yake nyepesi. "Mama, achana na ba avocat," aliniambia. "Banakula feza ya bantu bure. Tunasaini ku kartier, chef anapiga cachet, mwezi hii hii munalala mu nyumba yenu." Mume wangu aliipenda sana njia hiyo ya muhuri wa mkuu wa mtaa peke yake. Mimi sikuipenda, na sababu yangu ilikuwa mama yangu. Wazazi wangu walinunua hivyo hivyo, kwa muhuri mmoja na kupeana mikono. Baada ya miaka minne ikaja familia nyingine na karatasi zenye mihuri mingi kuliko yetu. Nilikuwa kidato cha tatu. Nilirudi kutoka shule nikakuta vyombo vyetu barabarani, na sufuria za mama zimepangwa ukingoni mwa mtaro kuanzia ndogo hadi kubwa, kwa sababu hata siku hiyo mama hakuweza kuzitupa ovyo. Ndiyo maana nilirudi kwa Maître, nikiwa nimeng'ata meno.

Alituandikia orodha ya gharama, upande mmoja wa karatasi na nusu ya upande wa pili. Kulikuwa na mthibitishaji wa serikali wa kuhalalisha mkataba, wapimaji wa kupima kiwanja upya na kusimika mawe ya mipaka, kodi ya kubadilisha jina, na cheti kipya chenyewe. Kisha zikaja zake: kusoma, kuandika, kutembea. Chini kabisa alikuwa ameandika: kungoja.

Mume wangu alikuwepo siku hiyo. Aliweka kidole juu ya lile neno. "Maître, hata kungoja?"

"Papa, ungeenda weye kungoja ku bureau siku nzima, mugodi ingekulipa?"

"Ingenikata."

"Basi na miye iko nanikata."

Mume wangu ni mtu wa hesabu za pampu, maji yanaingia huku yanatokea kule. Aliondoa kidole. Njiani kurudi nyumbani aliongea peke yake mpaka tukafika.

Kilichonichosha zaidi ni kwamba Maître hakutoa hata senti bila risiti. Mnafikiri ni sifa njema. Njooni muilipie. Katika ofisi moja, ambayo sitaitaja, mtu aliyekaa mlangoni alimwambia kwa upole kwamba faili letu lina kiu. Mtu mwingine angemwelewa na saa hiyo hiyo tungekuwa ndani. Maître alikaa chini akasema, "Sawa. Uniandikie reçu ya maji." Yule mtu akacheka. Maître hakucheka. Alikaa pale siku hiyo, na kesho yake, na kesho kutwa, akisoma mafaili ya watu wengine, mpaka mkubwa wa ofisi alipomwona na kuuliza mzee huyu anangoja nini. Faili likapita bila kutoa chochote. Lakini siku tatu za kungoja zilikuwa kwenye hesabu yetu, na nilipopiga hesabu nikaona kwamba yale maji yangetugharimu kidogo zaidi ya robo yake.

Nilimwambia. Akasema, "Madame, ile feza yangu iko na reçu. Kama kuko matata, utaonyesha. Ile ya maji utaonyesha nani?"

Jambo baya kwa mtu wa namna hiyo ni kwamba anasema kweli, na hasira inabaki kwako.

Kila nilipompigia simu, na alipokea simu moja katika tano, alisema neno moja: "Bado karatasi moja." Nilikuwa nimeshaacha kuuliza ni karatasi gani. Mume wangu alipiga kutoka Kambove, "Amesema nini?" nami nikamjibu kwa maneno yale yale, na hata hayo tuliyalipia. Binti yetu wa miaka sita alilidaka. Nikimwita aje kuoga alisema, "Bado karatasi moja, mama," akaendelea kucheza.

Na bado alikuwa mtu ambaye huwezi kumshika akakaa upande mmoja. Mbele ya ofisi yake aliketi mama mmoja muuza nyanya, ambaye shemeji yake alitaka kumtoa kwenye nyumba ya marehemu mumewe. Nilimkuta Maître amekaa naye kwenye ndoo iliyopinduliwa, anamwandikia barua ya ukurasa mzima. Yule mama alimpa mfuko wa nyanya, naye akaurudisha. Wiki ile ile alinitoza mimi barua ya mistari minne. Nikamuuliza tofauti iko wapi.

"Ye iko nachunga kitu yenye iko nayo tayari," alisema. "Weye uko nauza. Mwenye kuuza analipa."

Kwetu, mjue, kuuza ndiyo kununua. Anayeuza bidhaa yake tunasema anauzisha. Kwa hiyo mnunuzi nilikuwa mimi, na mwenye kulipa nilikuwa mimi. Lakini mtu huyo aliyejua kila jiwe la mpaka katika Kampemba hakuwa na nyumba. Alipanga. Mara mbili nilimkuta mwenye nyumba wake amesimama mlangoni, amekunja mikono, na Maître anazungumza naye kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia akiitumia kwa mtu mwingine.

Nyumba tuliyotaka ilikuwa ya fundi mstaafu wa reli. Vyumba vitatu vya matofali ya kuchoma, mlango wa chuma unaofungukia nje, na mparachichi nyuma uliokaribia dirisha la jikoni. Hati ilikuwa kwa jina la baba yake, marehemu. Mzee yule alileta karatasi ya familia: warithi watatu, yeye na wadogo zake wawili, wote wamesaini. Maître aliisoma mara nne. Hatimaye alikubali tuje kusaini Jumamosi, mume wangu akiwepo. Nilinunua hata kitambaa cha mapazia.

Jumamosi hiyo tulikaa sebuleni kwa yule mzee, karatasi ziko mezani, kalamu ya bluu iko wazi. Maître akaomba maji ya kunywa. Akanywa polepole, akitazama ukutani, ambako kulikuwa na picha ya zamani ya baba, mama na watoto mbele ya nyumba ile ile.

"Batoto baine," Maître akasema, akihesabu wanne kwa kidole.

Mzee hakugeuka. "Ule wa pembeni iko mutoto ya jirani."

"Aa." Maître akanywa tena. "Na ule jirani njo alimushonea robe ya kitambaa moja na mashati ya bale batatu?"

Nikatazama. Ni kweli. Wavulana watatu na msichana mmoja mwenye gauni, wote kitambaa kimoja chenye maua makubwa, kama mama zetu walivyokuwa wakitushonea Krismasi kutoka kipande kimoja. Mzee alishika magoti yake. Kutoka jikoni, alikokuwa mke wake, sahani ziliacha kulia.

"Iko dada yetu," alisema mwishowe. "Iko Kipushi. Hatusemezane tangu kilio ya mama."

Maître akafunika kalamu. Akafunga faili kwa kitenge, fundo la kwanza, fundo la pili. Mume wangu alitoka nje akaenda kusimama chini ya mparachichi, na mimi nikamfuata Maître barabarani nikimpigia kelele mbele ya watu.

"Umetuletea muntu mwenye hatukumutafuta!"

"Madame, ule muntu alikuwa mule siku yote. Miye nimemuona tu."

"Sasa tutafanya nini?"

"Tutaenda Kipushi," alisema. Halafu, kwa sauti ya mtu anayekumbusha jambo dogo, "Transport iko ku mukono yenu."

Tukaenda Kipushi, mimi na yeye, katika teksi ya watu sita, naye alitoa kitambaa na kukitandika kwenye kiti kabla ya kukaa. Dada yule alikuwa na duka dogo la unga na mafuta ya kupikia aliyovusha kutoka upande wa Zambia. Alituhudumia kama wateja kwanza. Maître alipomweleza, hakuacha kupima mafuta. Chupa ilijaa mpaka mdomoni bila tone kumwagika.

"Banauzisha nyumba ya papa," alisema. "Na nani aliniuliza?"

"Njo tunakuuliza, Mama," Maître akasema.

"Weye hauko kaka yangu."

Aliniambia mimi, si Maître, kilichotokea. Kwenye kilio, yaani matanga ya mama yao, mbele ya wageni, kaka mkubwa alisema kwamba mwanamke aliyeolewa hana fungu nyumbani kwa baba yake. Aliondoka siku hiyo kabla chakula hakijaiva. "Mi sikatai kusaini," alisema. "Akuye hapa yeye mwenyewe, aniombe na kinywa yake. Sitaki avocat, sitaki simu."

Kaka akakataa. Alisema hawezi kwenda kupiga magoti mbele ya mtoto ambaye yeye ndiye alimbeba mgongoni. Ikapita miezi. Mwenye nyumba tuliyopanga akatuambia anahitaji vyumba vyake, mpwa wake anaoa, tutoke kabla ya mvua. Nilianza kufunga vitu katika maboksi bila kujua yanaenda wapi. Usiku, lakini pia mchana, na hata darasani nikifundisha asidi na besi, nilikuwa nikimlaumu mtu mmoja tu, na hakuwa mzee wa reli wala dada yake. Kama Maître asingeomba yale maji, tungekuwa tumeshahamia.

Mume wangu alifikiri hivyo hivyo, ila yeye alitenda. Jumamosi moja komisionere alimsubiri kituo cha basi kabla hajafika nyumbani. Walienda kwa mzee wa reli, na pale, juu ya boneti ya gari la mtu, mume wangu alitoa karibu nusu ya akiba yetu kama malipo ya kwanza, akapewa karatasi ya daftari yenye saini mbili. Alikuja nyumbani anatabasamu. Mimi niliigeuza ile karatasi mbele na nyuma nikitafuta saini ya dada.

Jumatatu hakwenda kazini. Nilimpeleka kwa Maître kama mtoto aliyevunja kioo cha shule. Maître alisoma ile karatasi kwa muda mrefu. Hakunawa mikono.

"Papa, kaa," alisema. "Iyi karatasi iko nasema ulitoa feza. Haiseme ulipata nini."

"Tulichoka, Maître!" Mume wangu alikuwa karibu kulia, na si mtu wa kulia. "Weye unatuchokesha! Kila siku karatasi, kila siku feza! Mi nilitaka tu batoto balale fasi yabo!"

Maître alimtazama. Nilidhani atasema jambo la ubinadamu. Alichukua ile orodha ya gharama, akaongeza mstari mmoja chini, akaigeuza tuone: kurekebisha. Mume wangu alisimama, nikamshika mkono kwa nguvu zangu zote. Nawaambia kweli, siku hiyo ningeweza kumwachia.

Lakini asubuhi ya kesho yake Maître alichukua kigoda kutoka kwa fundi cherehani, akaenda Naviundu, akakaa mbele ya mlango wa mzee wa reli. Hakubisha hodi. Alikaa tu na koti lake juani, akisoma. Mlango ule unafungukia nje, kwa hiyo kila aliyetaka kutoka ilimbidi amwombe asogee. Wapita njia waliuliza kuna nini, naye aliwajibu kwa adabu kwamba anamngoja mwenye nyumba waende kumsalimia dada yake. Jioni aliondoka. Asubuhi akarudi. Mke wa mzee ndiye aliyenisimulia baadaye: siku ya pili, saa nne, mume wake alivaa viatu bila kuambiwa neno, akasema, "Tuende basi, bantu banatuangalia."

Nilikwenda nao. Dada alikuwa akiwahudumia wanawake wawili. Alimwona kaka yake mlangoni, akawamalizia wateja, akawarudishia chenji, akapangusa mikono.

"Dada," mzee akasema, "mi niko naomba."

"Uko naomba nini?"

"Unisamehe ile maneno ya ku kilio. Na usaini."

"Sema tena ya kwanza. Ya pili uache kwanza."

Mzee alivua kofia. Alisema tena, polepole, ameshika fremu ya mlango. Dada alifunga duka saa sita mchana. Walikaa chumba cha nyuma wawili peke yao, sisi tukangoja nje kwenye magunia ya unga. Walipotoka macho yao yote yalikuwa mekundu, na walikuwa wamekubaliana fungu la kila mmoja, ikiwemo ile fedha iliyotolewa juu ya boneti.

Hapo Maître akatuchosha tena. Alikataa dada asaini mpaka amsomee mkataba wote, ulioandikwa kwa Kifaransa, akiugeuza kuwa Kiswahili neno kwa neno. "Weye iko nauzisha. Bale iko bauza. Umesikia? Rudia." Dada akarudia. Ukurasa wa pili, rudia. Teksi ya mwisho yenye nafasi ikaondoka tukiiona.

Gharama zile zilikula kila tulichokuwa tumeweka kando. Tulihamia kwenye nyumba yenye cheti kwa majina yetu mawili na madirisha yasiyo na vioo. Mwaka mzima wa kwanza tuliziba kwa maboksi, na kila mvua ilipoyalowesha yakaanguka, nilimtaja Maître kwa sauti. Kitambaa cha mapazia kilikaa kimekunjwa. Hesabu yake ya mwisho niliipekua mara mbili. Safari mbili za Kipushi zilikuwepo. Kurekebisha kulikuwepo. Siku mbili za kwenye kigoda hazikuwepo. Nilifikiri amesahau, na mimi kwa uaminifu wangu wa kijinga nikamkumbusha.

"Ile haikuwa kazi," alisema. "Nilikuwa nimekasirika."

Baada ya hapo nilimwona mara chache, kwa mambo madogo: ukuta wa jirani, barua ya bili ya maji. Kila mara nililipa consultation. Vioo tuliweka kimoja kimoja. Dada wa Kipushi alikuja siku moja kutusalimia, akaleta chupa ya mafuta, akakaa chini ya mparachichi mpaka jua likazama.

Mwaka jana nilienda mjini kutoa nakala za mitihani. Kwenye kibanda cha fotokopi, ambako mama wa mashine alizongwa na wateja, nilimkuta Maître amesimama pembeni, ameshika karatasi karibu na pua. Macho yake yalikuwa yamepata ukungu. Alinijua kwa sauti.

"Madame, naomba unisomee kidogo. Uyu mama iko na bantu mingi."

Niliipokea. Ulikuwa mkataba wa mauzo. Kiwanja na vyumba viwili, njia ya kwenda Kipushi. Mnunuzi alikuwa yeye mwenyewe. Muuzaji alikuwa rafiki yake, seremala, niliyewahi kumwona ofisini kwake wakicheza drafti. Nilisoma mpaka mwisho, nikarudi juu, nikasoma tena nikitafuta jina la mke wa muuzaji, ambalo halikuwepo.

"Maître, bibi ya muuzaji hakusaini."

"Najua."

"Unajua?"

"Nilijua siku ile ile." Alitoa kitambaa akapangusa macho, ukungu usiopangusika. "Alikuwa mugonjwa. Nilienda kumuona ku hôpital. Akaniambia, parcelle iko, uichukue, nataka dawa. Nikamupa feza, akasaini. Ningemuambia nini, Madame? Amuka, uite bibi yako?"

"Ndiyo!" nilisema, na watu wote wa kibandani wakageuka. "Ndiyo! Njo kitu ungeniambia miye! Ungenilipisha juu yake!"

Alishika kona ya ile karatasi, akanieleza yaliyobaki. Rafiki yake alikufa wiki ile ile. Ilikuwa imepita miaka miwili. Maître hakuwa amekanyaga kile kiwanja hata mara moja, wala hakuwa amemwendea mjane, wala kumwandikia. Alikuja kutoa nakala ya karatasi ambayo alijua haitoshi, na sidhani alijua anaitolea nakala kwa ajili gani. Miaka yote ile, siku zote zile, safari, mihuri, kigoda, na mtu huyu alikuwa amenunua nyumba ya kwanza ya maisha yake kama mume wangu juu ya boneti.

"Bibi iko fasi gani?"

"Katuba."

"Tuende."

"Leo?"

"Leo."

Mitihani niliiacha pale pale. Tulichukua teksi. Tulipofika alijua geti, lakini alisimama mbele yake akafunga vifungo vya koti, akafungua, akafunga tena. Nilibisha mimi. Akatoka mama mmoja mnene, mikono ina povu la sabuni hadi viwikoni. Alimtambua Maître.

"Mi nilijua uliuza," alisema. "Bwana yangu aliniambia mbele ya kufa. Nikangoja utakuya. Miaka mbili niko nangoja. Juu ya nini haukuya kuniuliza?"

Nilimtazama Maître. Mtu huyu ana kifungu cha sheria kwa kila jambo, na nilikisubiri.

"Niliona haya, Mama," alisema.

Povu lilikuwa likidondoka vumbini kutoka mikononi mwa mjane. Akanigeukia mimi.

"Na uyu? Iko avocat yako?"

Nilifungua mdomo kueleza. Maître akanitangulia.

"Ndiyo," alisema. "Iko avocat yangu."

Mjane akasogea pembeni. "Basi muingie bote," akasema. Niliingia wa kwanza, nimekunja uso, na kabla sijapewa kiti nilikuwa nimeshaanza kumwomba yule mama amsamehe.